Mchuaji Vuai na Goti la Gradi

Alhamisi ile, siku mbili kabla ya fainali, vidole vya Vuai Makame vilisikia kitu ambacho mwenyewe hakutaka kukisikia. Alikuwa ameshika goti la kulia la Gradi, mshambuliaji wa timu ya Chuo cha Hartmore, na upande wa ndani, chini kidogo ya kifupa cha goti, palilegea mahali ambapo pangepaswa kukaza. Akabonyeza tena, polepole zaidi. Gradi akauma ukosi wa fulana yake.

"Inauma?"

"Kidogo tu, mzee. Niko sharp."

"Nimekuuliza inauma. Sijakuuliza kama uko sharp."

Gradi akaangalia dari. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alizaliwa Bukavu, akaletwa Johannesburg akiwa bado anabebwa mgongoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko cha kusema. Lakini katika chuo kizima kilichojaa madaktari wa vitabu, mtu pekee aliyemwamini kwa miguu yake alikuwa mzee huyu wa Kizanzibari mwenye chumba kidogo kando ya mabafu.

Kwenye karatasi za chuo Vuai hakuitwa mchuaji. Aliitwa "msaidizi wa afya ya wachezaji", jina refu la kumfurahisha mtu bila kumwongezea mshahara. Kazi yenyewe alifundishwa na mama yake kule Makunduchi, mama aliyenyoosha viungo vya wakwezi walioanguka minazini na kugeuza watoto waliokaa vibaya tumboni mwa mama zao. Mama huyo hakuwa na maneno mengi. Aliuchukua mkono wa mwanawe, akauweka juu ya bega la mgonjwa, akamwuliza, "Unasikia nini?" Akikosea, aliambiwa asikilize tena. Vuai alikuja Johannesburg kuuza udi na manukato mitaani, akachua migongo ya Watanzania wenzake waliobeba mizigo kwenye maduka ya jumla, sifa zikaenea, na miaka kumi na mmoja iliyopita kocha mmoja aliyekuwa na shingo iliyokataa kugeuka akamleta chuoni. Kocha mwenyewe alishafukuzwa siku nyingi. Vuai akabaki.

Na kocha yule alifukuzwaje? Hapo ndipo tunapomfikia Bwana Delport.

Bwana Delport alisoma Hartmore miaka arobaini iliyopita, akawa tajiri wa malori na maghala, na tangu hapo hakukipa chuo nafasi ya kupumua kwa ukarimu wake. Nyasi za uwanja zilikuwa zake. Taa za uwanja, zake. Basi la timu, lake hadi matairi. Maktaba ya chuo ilivuja kila mvua iliponyesha, wanafunzi wakasoma wakiwa na ndoo katikati ya meza, lakini uwanja ulikuwa na taa ambazo ungeweza kuokota sindano chini yake. Mtu akinunua nyasi, nyasi ni zake, hatuna ugomvi. Balaa huanza anapodhani kwamba hata miguu inayozikanyaga ni mali yake. Kocha yule alimweka benchi mpwa wa Bwana Delport kwa mechi mbili. Hakuna kikao kilichokaa, hakuna barua iliyoandikwa. Simu moja ilipigwa, na mwisho wa mwezi ofisi ya kocha ilikuwa tupu.

Jumamosi hii Bwana Delport alikuwa anafungua jukwaa jipya lenye jina lake kwa herufi ndefu kama mtu. Wageni walikuwa wamealikwa, wakiwemo mawakala wawili wa klabu ya Ulaya. Na kwenye kila bango kutoka lango la chuo mpaka kwenye roboti, zile taa za kuongozea magari, za barabara kuu kulikuwa na picha moja tu: Gradi, mikono juu, akicheka.

Saa kumi jioni ya Alhamisi hiyo Vuai aliitwa ofisi ya kocha mpya. Kocha alikuwa amesimama dirishani. Kwenye kiti cha kocha alikaa Bwana Delport.

"Vuai, rafiki yangu," alisema Bwana Delport. "Kijana wetu anaendeleaje?"

"Goti halijapona, bwana. Kuna kamba ndani imeanza kuachia. Akikimbia na kugeuka ghafla, itakatika yote."

"Daktari anasema ni uvimbe tu. Atampiga sindano ya ganzi kabla ya mechi."

"Sindano itaondoa maumivu. Goti litabaki vilevile. Tena itakuwa vibaya zaidi, kwa sababu hatajua pa kuishia."

Bwana Delport akasukuma karatasi juu ya meza. Ilikuwa fomu ya kuthibitisha kwamba mchezaji yuko tayari, nayo ilihitaji sahihi mbili: ya daktari, na ya mtu aliyemhudumia mchezaji wiki nzima. Daktari naye mjanja. Alisema ataweka yake baada ya Vuai kuweka yake, ili likiharibika jambo, lawama ziwe na mahali pa kwenda.

Vuai hakuigusa kalamu. Kocha aliendelea kuangalia nje kana kwamba kuna mechi inachezwa huko.

"Unakumbuka mwaka juzi?" Bwana Delport akauliza kwa sauti ya upole. "Mama yako alipofariki. Nani alikupandisha ndege?"

Vuai alihisi damu inampanda usoni. Kwao, mtu akifiwa, wenzake humpa ubani, yaani mchango wa rambirambi. Anayetoa hasemi, anayepokea hashukuru mara mbili, na tangu Makunduchi iwe Makunduchi hajatokea mtu wa kumkumbusha mwenzake ubani aliompa. Siku ile Bwana Delport alipomkuta analia kwenye chumba cha kuchulia na kuagiza tiketi papo hapo, Vuai alimwona ni muungwana. Alimzika mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Aliporudi alimsifu tajiri huyo msikitini, kinyozini, kwenye teksi, kila mahali. Haikumpitikia hata siku moja kwamba mwenzake alikuwa amenunua kitu, na kwamba siku ya kukichukua ingefika.

Angeweza kukataa palepale, kiume, akatoka na kichwa juu. Mdomo ulishafunguka. Akaufunga.

"Nitamwona Jumamosi kabla ya mechi," alisema. "Goti hubadilika. Nitasema siku hiyo."

"Utaweka sahihi siku hiyo," Bwana Delport akasahihisha, akainuka.

Nyumbani Turffontein, kwenye vyumba viwili walivyopanga mtaa wa nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, mkewe Nasra alimwekea wali na mchuzi wa pweza wa kopo, akaona hali.

"Kwa nini hukumwambia hapohapo?" Nasra akauliza baada ya kusikia yote.

"Ningekataa leo, kesho wangeleta mtu mwingine. Wapo tele. Angetia sahihi bila hata kulitazama goti, na mimi ningekuwa nje ya geti nasikiliza kelele. Lazima niwe ndani ya chumba kile."

"Uwe ndani ufanye nini?"

Vuai alikuwa hajui. Nasra, mwanamke wa Tanga asiyependa kuzungushwa, akamwambia, "Basi kamwambie mama wa mtoto. Ana haki ya kujua kabla ya watu wa jukwaa."

Hilo ndilo lililomtisha kuliko Bwana Delport. Mama Gradi, jina lake Angélique, alikuwa na duka la vitenge mjini, kwenye ghorofa ya chini ya jengo la zamani ambalo ghorofa zake za juu zimegeuzwa makanisa. Mwaka uliopita chuo kilipompa Gradi basari ya kumlipia masomo kutoka mfuko wa Bwana Delport, mama huyo hakusoma kurasa zile zote za Kiingereza. Alipanda teksi mpaka Turffontein akamwuliza Vuai swali moja: huyu mzungu ni mtu wa aina gani? Sisi tulioko ugenini ndivyo tulivyo. Mkataba tunausoma usoni kwa mwenzetu. Na Vuai, moyo ukiwa bado umejaa ile tiketi, akamjibu, "Mama Gradi, yule alinipeleka kumzika mama yangu. Saini bila wasiwasi." Akasaini. Ukurasa wa saba ulisema mchezaji atacheza kila mfuko utakapomhitaji, na akikataa basari inakatika.

Ijumaa mchana, baada ya swala, Vuai alimkuta Angélique amepanga juu ya kaunta vitenge vya rangi moja, kama kumi hivi.

"Papa Vuai! Karibu! Ona, bamama yote ya kanisa itavaa hii kesho. Tutaimba mpaka jukwaa ya mzungu ianguke!"

Vuai hakukaa. Alimwambia kila kitu akiwa amesimama: goti, sindano, fomu. Alisema Gradi akicheza kesho huenda asicheze tena maisha yake. Uso wa Angélique ulizimika taratibu.

"Dokta wa chuo alisema iko bien."

"Daktari amelipwa aseme hivyo."

"Na weye? Weye hawakulipaka?" Aliuliza si kwa matusi, aliuliza kweli, na kwa sababu hiyo iliingia zaidi. "Papa Vuai, ni weye njo uliniambiaka huyu muzungu ni mutu muzuri. Nikasinya ile karatasi juu ya kinywa yako. Leo unakuja kuniambia mutoto asicheze? Asipocheza, masomo iko wapi? Nitamurudisha Bukavu kwenye vita?"

"Nilikosea," Vuai alisema. "Nilikutia ndani, mama. Nilidhani alinipa ubani."

Angélique alianza kukunja vitenge upya ingawa vilikuwa vimeshakunjwa. "Mimi siko dokta," alisema mwishowe bila kumtazama. "Gradi ni mukubwa. Umuulize yeye."

Alimwuliza. Jioni hiyo, kwenye kitanda cha kuchulia, alimwambia Gradi kwa Kiswahili chepesi, neno moja moja, ili asiseme hakuelewa. Gradi akasikiliza mpaka mwisho.

"Eish, mzee," akasema. "Nisipocheza ni mwisho. Nikicheza labda ni mwisho. Si bora labda?"

Kijana alikuwa amepiga hesabu yake, na kwa umri wake hesabu ilikuwa sahihi. Vuai akamfunga bandeji akamwacha aende, na njia nzima ndani ya teksi alikaa na roho mkononi. Alijaribu kuwaza mama yake angefanya nini. Mama yake hakuwahi kuchua mtu aliyemilikiwa na mwingine.

Jumamosi jua lilitoka kali, baridi ya Julai ikiwa bado imeng'ang'ania kwenye vivuli. Kufikia saa saba mchana jukwaa lilikuwa limejaa, na ndani ya chumba cha kubadilishia nguo zilisikika sauti za kina mama wa Kikongo wakiimba huko nje. Wachezaji walikaa kwenye mabenchi wakifunga viatu. Gradi alikuwa amelala kitandani katikati ya chumba, jezi namba tisa mwilini, mguu wa kulia wazi. Kwenye meza ya pembeni daktari alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Karibu naye ilikaa ile fomu na kalamu juu yake.

Vuai akaitazama sindano. Ikishaingia, goti litakuwa bubu. Hata yeye hataweza kulisemesha.

"Haya, mzee, tia sahihi tumalize," daktari akasema.

"Bado sijalishika."

"Ulishike la nini?"

Wakati huohuo mlango ukafunguka bila kubishwa. Bwana Delport hakuwahi kubisha hodi kwenye chumba hicho. Milango nayo alichangia. Nyuma yake waliingia mawakala wawili wa Ulaya, mpiga picha, na Naibu Mkuu wa chuo, mwanamke wa miwani aliyeshika programu ya sherehe. Mama huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mmoja wa wale wanaopenda mambo yafanyike mahali ambapo wao hawapo, ili waseme hawakujua.

"Mabwana, huyu hapa," Bwana Delport akasema, mkono umelishika bega la Gradi kama anayeonyesha gari jipya. "Na huyu ndiye fundi wetu, Vuai. Mikono ya ajabu. Vuai, waonyeshe goti. Waambie hali yake."

Kila mtu akamtazama. Kocha akatazama viatu vyake. Daktari alisimama na sindano imeelekea juu, tone limeng'ang'ania nchani.

Vuai alinawa mikono. Hapo ndipo alipojua atakachofanya. Akisema kwa mdomo, Bwana Delport atacheka, daktari atampinga, Gradi atasema yuko sharp, na wageni watawaamini watu watatu dhidi ya mmoja. Kinywa chake kilishaharibu mambo mara moja. Vilibaki vitu viwili tu ambavyo hakuna ambaye angevibishia: vidole vyake na sauti ya kijana.

Akainama. "Gradi," akasema kwa Kiswahili, taratibu, "nisamehe, mwanangu."

"Nini, mzee?"

Alilishika goti kwa mkono wa kushoto, akatafuta kwa kidole gumba cha kulia, upande wa ndani, chini ya kifupa, mpaka akapafikia mahali palipolegea. Alijua kipimo cha nguvu kisichoharibu kitu. Akabonyeza.

Gradi alipiga ukelele uliokata wimbo huko nje. Alijinyonga kitandani, akashika fremu kwa mikono miwili, machozi yakamtoka na kumwingia masikioni. Mpiga picha alibofya, kwa mazoea tu. Mmoja wa mawakala akarudi nyuma hatua nzima.

"Umefanya nini?" Bwana Delport akanguruma.

"Umeniambia niwaonyeshe, bwana. Nimewaonyesha."

Wakala mwingine, mzee mwenye mvi, hakumtazama Vuai. Alimtazama daktari. "Na hiyo sindano," akauliza, "ni ya kitu gani?"

Daktari akamtazama Bwana Delport. Naibu Mkuu naye akakuta macho ya wageni yamemgeukia, mahali pa kutokujua pamekwisha. Aliivua miwani, akaivaa tena. "Daktari," akasema kwa sauti nyembamba, "tafadhali iweke chini. Mchezaji huyu hatacheza."

Bwana Delport hakupiga kelele. Alimsogelea Vuai mpaka Vuai akasikia harufu ya kahawa. "Nilikuzikia mama yako," alisema.

"Mama yangu nilimzika mimi," Vuai akajibu. "Wewe ulilipa ndege. Ungeniambia siku ile kwamba unanikopesha, ningebaki hapa nikalia."

Alitolewa nje ya geti na walinzi kabla filimbi ya kwanza haijapigwa. Kitu ambacho hakuweza kukitoa kichwani si maneno ya tajiri. Ni uso wa Gradi, namna ulivyomgeukia baada ya ukelele, ukimwangalia kama mtu asiyemfahamu.

Hartmore walifungwa mabao mawili kwa bila. Jumatatu Vuai alipata barua ya kuachishwa kazi kwa kumdhuru mchezaji. Jumanne, saa tano asubuhi, mlango wa Turffontein ukagongwa, Nasra akafungua, akaingia Angélique na nyuma yake Gradi akichechemea.

Angélique hakuketi alipokaribishwa. Alitoa bahasha kwenye pochi akaiweka mezani.

"Basari imekatika," akasema. "Banasema tulipe wenyewe mwaka ujao ama aondoke."

Vuai akainamisha kichwa. Alikuwa amejitayarisha kwa hili tangu Jumamosi, na hata hivyo lilimfika kama hakujitayarisha.

"Siku mbili nilikuwa nakuombea mabaya, Papa Vuai. Nakuambia kweli, kanisani, mbele ya Mungu. Jana nikamupeleka mutoto hospitali ya serikali. Tulipanga foleni tangu alfajiri. Dokta wa kule, musichana mudogo, akashika goti, akauliza: nani alisema huyu acheze?" Midomo ilikuwa inamcheza. "Sikuwa na jibu. Ni mimi nilisema umuulize yeye."

Nasra alimvutia kiti, na safari hii Angélique akakaa.

Gradi alikuwa bado amesimama mlangoni. Tangu Jumamosi alikuwa hajapokea simu ya Vuai hata moja.

"Mzee. Ulinibonyeza kusudi?"

Vuai angeweza kusema alitaka tu kupima. Uongo huo ulikuwa karibu, na ulikuwa mzuri.

"Kusudi," akasema.

"Ulijua nitalia? Mbele ya timu yote?"

"Nilijua. Nilitaka ulie kwa nguvu kadiri ulivyoweza."

Gradi akavuta kiti kingine, akakaa akitazamana na mzee, akakunja mguu wa suruali taratibu mpaka juu ya goti lililovimba. Kisha akaunyanyua mguu kwa mikono yake miwili, akauweka juu ya mapaja ya Vuai.

"Leo bonyeza polepole," akasema.